Kutembelea kiwanda cha ndege za kujiundia na kuijaribu ndege angani: mwongozo kamili

Mnunuzi wa ndege ya kujiundia mara nyingi hufika kiwandani akiwa ameshaamua. Ametazama video hadi usiku wa manane, amechagua rangi, anazo hata herufi za usajili kichwani. Kilichobaki ni kupiga picha kando ya propela na kutoa malipo ya awali. Hayo ni matembezi tu. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka safari yake imjibu maswali matatu: je, kazi ya kuiunda naiweza? Je, ndege hii itanibeba mimi na watu wangu kwenye joto na mwinuko wa kwetu? Na je, nchi yangu itaniruhusu kuirusha? Hilo la tatu kiwanda hakiwezi kulijibu, kwa hiyo tutalishughulikia kabla ya kufika huko.

Mfano nitakaoufuata ni Sling Aircraft ya Afrika Kusini, kampuni iliyojulikana kwanza kwa jina la The Airplane Factory, yenye makao katika uwanja mdogo wa Tedderfield kusini mwa Johannesburg. Kwa msomaji wa Nairobi, Arusha au Kampala hapo ni karibu kuliko Marekani, na ndege zao zimeshapita katika anga yetu. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunda Sling 4 kutokana na vipande vya kiwandani, kisha ikarushwa na vijana wenzao kutoka Cape Town hadi Cairo, ikisimama Zanzibar na Uganda njiani. Ukiwa Marekani, hatua hizi hizi zitakufaa Van's Aircraft kule Aurora, Oregon, au Zenith kule Mexico, Missouri (mji wa Missouri, si nchi).

Kwanza, elewa unauziwa nini

Ndege ya seti, yaani hiyo ya kujiundia, huja kwenye makreti ya mbao: mabati ya aluminiamu yaliyokatwa na kutobolewa kwa mashine ya kompyuta, mbavu za mabawa, vipande vya faiba kama ncha za mabawa na kifuniko cha injini, mifuko ya ribiti (pini za kuunganishia mabati) na michoro. Siku hizi matundu ya kipande kimoja hulingana na ya mwenzake, hivyo zile kazi za kupima na kuchora mistari zimepungua sana. Kazi yenyewe haijapungua kiasi hicho. Andaa mamia ya saa, na kwa anayefanya jioni na Jumamosi peke yake ni zaidi ya elfu.

Sheria ya kutajwa mapema ni ya asilimia 51. Marekani na Afrika Kusini, pamoja na nchi nyingine nyingi, zinataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mwenye ndege mwenyewe kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, ndipo ndege isajiliwe kama iliyoundwa na asiye kiwanda. Ndiyo maana seti zinazouzwa zikiwa zimeundwa nusu zina kikomo cha kile ambacho kiwanda kinaweza kukufanyia. Ukimkuta mtu anayekuahidi kuimaliza ndege yote huku wewe ukitia sahihi tu kama muundaji, ondoka.

Andikia mamlaka kabla hujaandikia kiwanda

Ndege hizi hazina cheti cha aina, yaani hazikupitia upimaji ule wa Cessna au Beechcraft. Afrika Kusini husajiliwa kwa herufi ZU badala ya ZS na huruka kwa kibali maalumu cha kuruka, si kwa cheti cha kawaida cha ubora wa ndege. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika ibara ya 33, unazitaka nchi zitambue vyeti vya kawaida vya wenzao, ila kibali maalumu hakimo humo. Ukitaka kuirusha ndege yako kutoka Johannesburg hadi Nairobi, unaomba ruhusa ya kila nchi utakayoipita.

Kwa hiyo andika barua kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya kwenu: KCAA Kenya, TCAA Tanzania, UCAA Uganda. Uliza mambo haya kwa majina yake: je, mnasajili ndege iliyoundwa na mtu binafsi ya modeli hii? Nani atakagua hatua za ujenzi, na kwa vipindi gani? Je, ukaguzi wa kabla ya kufunga bawa ni lazima? Ndege ikikamilika itaruhusiwa kuruka wapi, usiku au mchana tu, na kwa saa ngapi za majaribio kabla ya kubeba abiria? Omba jibu la maandishi. Neno la mdomo la ofisa mmoja mkarimu halitakusaidia miaka mitatu baadaye atakapokuwa amehamishwa.

Wakati unasubiri jibu, tafuta waliotangulia. Aero Club of East Africa pale uwanja wa Wilson, Nairobi, ipo tangu 1927, na kwenye viwanja vidogo utawapata watu wenye ndege za seti ambao watakuambia kwa chai mambo ambayo hakuna karatasi itakayokuambia: wakala gani wa forodha anaijua propela, na fundi gani ameshaishika injini ya Rotax, ambayo ndiyo ya ndege za Sling.

Kuomba nafasi

Usifike bila taarifa. Barua pepe fupi inatosha, lakini iwe na taarifa zinazomsaidia mwenyeji kupanga: unaishi wapi, una leseni gani na saa ngapi takriban, unaitaka modeli ipi, mko wangapi, na uzito wa kila mmoja. Naam, uzito. Afadhali uuandike sasa kuliko kupandishwa kwenye mizani mbele ya shemeji yako.

Uliza pia kama kuijaribu ndege kuna malipo, na kama yanakatwa kwenye bei ukinunua. Uliza ni ndege ipi hasa itakayoruka siku hiyo. Hapo ndipo wengi huponzwa: mtu anaitaka ya viti vinne yenye Rotax 915 iS, anafika anakuta iliyopo ni ya viti viwili. Sling 2 hutumia Rotax ya familia ya 912, Sling 4 ya kwanza ilikuja na Rotax 914 ya turbo yenye nguvu farasi 115, na Sling TSi ina 915 iS ya nguvu farasi 141. Hizi ni ndege tofauti hewani. Mwisho, uliza ukataji wa mabati unafanyika wapi na kama utaruhusiwa kuuona; usidhani kila karakana iko chini ya paa moja.

Karatasi, msimu na barabara

Wakenya na Watanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, wengine waulize ubalozi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama mtu amekuambia haiulizwi. Chukua leseni yako, cheti cha afya na kitabu cha saa za kuruka, maana mwalimu atakayeketi nawe atapenda kujua unaruka nini. Piga simu kwa kampuni ya bima yako ya maisha uulize kama inakulinda ukiwa abiria kwenye ndege isiyo na cheti cha aina. Mikataba mingi ina kifungu kinachoziondoa ndege kama hizi.

Gautrain kutoka uwanja wa OR Tambo inakwenda Sandton na Pretoria, haiendi upande wa kusini, kwa hiyo panga gari. Wanaendesha kushoto kama sisi.

Kuhusu msimu, nitakupa maoni yangu ingawa wenyeji wengi watakushauri kinyume. Juni hadi Agosti hewa ya Johannesburg ni kavu, mbingu safi, asubuhi ni baridi ya kuvaa koti, na ndege huruka vizuri ajabu. Oktoba hadi Machi ni joto na mvua za radi za alasiri. Ukienda Julai utafurahia zaidi. Ukienda Novemba utajifunza zaidi, kwa sababu ndege utakayoiona ikihangaika kidogo saa tano za asubuhi ndiyo utakayoishi nayo Nanyuki au Dodoma. Chagua, ila kwa vyovyote omba kuruka asubuhi, na bakisha siku moja ya akiba. Wanaopanga kufika Ijumaa na kurudi Ijumaa hiyo hiyo hurudi na kofia ya kiwanda peke yake.

Ndani ya kiwanda

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Shela, tai, kamba za kitambulisho na nguo zinazopepea zibaki garini. Kwenye mashine na karibu na propela ni hatari ya kweli. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa kuwa ndege za watu wengine ziko humo ndani. Usiguse kipande cha faiba ambacho hakijakauka, wala ukingo wa bati ambalo halijalainishwa. Unakata kama wembe.

Wenyeji watakupeleka kwanza kwenye ndege iliyokamilika, inayong'aa. Ipongeze, halafu omba kurudishwa mwanzo, kwenye stoo ya mabati. Fuata kipande kimoja safari yake yote, tuseme ubavu wa bawa. Uone unavyokatwa, unavyokunjwa, unavyopewa namba, unavyokaguliwa na nani, na unavyoingia kwenye kreti. Uliza: kipande kikiwa na kasoro kinagunduliwa wapi? Je, kila bati lina rekodi ya kundi lilikotoka? Swali hili halikutoka hewani. Van's, kampuni kongwe na inayoheshimika kuliko nyingi katika biashara hii, ilibadilisha njia ya kutoboa baadhi ya vipande na kutumia leza. Wateja wakaanza kuona nyufa kwenye matundu walipoyakandamiza yapokee vichwa vya ribiti. Hapo mteja anahitaji kujua vipande vipi vilitoka kundi gani.

Kisha nenda chumba cha kufungasha. Kwangu mimi hapa ndipo kiwanda kinapojulikana. Tazama orodha ya vitu na jinsi mfungashaji anavyoihakiki. Muundaji wa Mwanza akikosa ribiti mia mbili hawezi kukimbia dukani. Anasimamisha kazi mwezi mzima. Uliza wanavyoshughulikia vitu vilivyosahauliwa: nani analipa usafirishaji, na ndani ya siku ngapi mteja anatakiwa kuhesabu kreti lake na kutoa taarifa. Uliza pia kreti limekingwa vipi na unyevu. Aluminiamu iliyokaa Bandari ya Mombasa ndani ya kontena lenye joto na jasho inaweza kuanza kutu nyeupe kabla hujaiona, hivyo maelezo ya rangi ya kuzuia kutu, nani anaipaka na lini, ni ya lazima kwa anayeishi pwani.

Sasa omba kushika kifaa. Ndege za Sling hutumia kwa wingi ribiti za kuvuta: unaingiza, unabana kwa bunduki ya hewa, shina linakatika, umemaliza. Van's kwa modeli zake nyingi hutumia ribiti ngumu, ambazo mtu mmoja anagonga kwa bunduki na mwingine anashikilia chuma upande wa pili. Hii ni tofauti ya maisha yako ya miaka kadhaa, si ya ufundi tu. Ribiti za kuvuta unaweza kuzifunga peke yako usiku kimya kimya. Zile ngumu zinahitaji mwenzako na majirani wavumilivu. Viwanda vingi vina kipande cha mazoezi. Funga ribiti kumi, kisha mwombe fundi azikague na akuonyeshe jinsi ya kuchimba moja mbovu bila kupanua tundu. Kazi ya kutoa ribiti mbovu utaifanya mara nyingi, na mikono yako itakuambia kama unaipenda kazi hii. Zenith wamekwenda mbali zaidi: huendesha warsha ambapo mgeni huunda usukani wa mkia wa ndege yake na kuondoka nao. Kama uko Marekani, hiyo ni njia nafuu ya kujipima.

Usiwasahau mafundi wenyewe. Ukiachwa nao dakika mbili, waulize sehemu ipi ya ujenzi inawapigisha simu nyingi zaidi wateja. Mara nyingi watakutajia milango na vioo, wala si mabawa. Kioo cha akriliki kinachotobolewa kwenye baridi kikipasuka, hakuna kukiunga.

Keti ndani ndege ikiwa imezimwa

Kabla ya kwenda uwanjani, kaa kwenye kiti nusu saa. Si dakika tano. Fikisha miguu kwenye pedali, funga mikanda, vaa vipokea sauti, geuza shingo uone kama kichwa kinagusa. Sling 2 ina kioo cha kutelezesha; Sling 4 na TSi zina milango inayofunguka kuelekea juu, na unapanda kwa kukanyaga bawa. Mama yako ataweza? Mwambie mwenzi wako akae kiti cha nyuma, asiishie kuchungulia. Kama utakuwa ukibeba wazee, watoto au dawa za kliniki, angalia pia modeli yenye bawa la juu, ambayo unaingia kwa mlango wa pembeni na kivuli kinakufuata.

Kisha omba karatasi ya uzito ya ndege hiyo hiyo. Usikubali namba ya brosha. Ndege ya brosha haina rangi, haina redio ya pili wala parashuti ya dharura. Iliyo mbele yako inavyo vyote. Uzito wa juu wa Sling TSi wakati wa kuruka ni kilo 950. Tuseme mizani inaonyesha ndege tupu ni kilo 500. Zimebaki 450. Ukiweka lita 150 za petroli, kila lita ikiwa na takriban kilo 0.72, umetumia kilo 108. Zimebaki 342: watu wanne wa kilo 75 na begi za kilo 42. Kwa familia yenye miili ya heshima, ndege ya viti vinne ni ndege ya watu watatu, au wanne wenye mafuta kidogo. Fanya hesabu hii kwa majina ya watu wako halisi, palepale kwenye kiti.

Angani

Mwambie rubani wa kiwanda mapema kwamba unataka kuruka na mzigo. Rubani mmoja na mgeni mmoja na mafuta robo tangi ni hali ambayo ndege yoyote hupaa kama mshale. Kama mko watatu, pandeni wote watatu. Waongeze mafuta. Ukikataliwa, uliza sababu, na uandike jibu.

Tedderfield iko zaidi ya mita 1,500 (kama futi 5,000) juu ya usawa wa bahari, na hii ni zawadi kwa mtu wa Nairobi, maana Wilson iko futi 5,536. Ila mwinuko wa ramani si ule bawa linaouhisi. Kanuni ya haraka: kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya kiwango sanifu (joto linalotarajiwa kwa mwinuko huo), ongeza futi 120. Kwa futi 5,500 kiwango sanifu ni nyuzi 4. Siku ya nyuzi 28 una ziada ya 24, sawa na futi 2,880. Bawa linajiona liko karibu futi 8,400. Dar es Salaam kwa nyuzi 32 linajiona kama futi 2,000 tu. Mtu wa Dar atakayevutiwa na mruko wa Johannesburg atafurahi zaidi nyumbani. Mtu wa Iringa asitegemee nafuu. Injini yenye turbo haipungukiwi nguvu mapema: 915 iS hushikilia nguvu yake kamili mpaka karibu futi 15,000. Isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila futi 1,000. Ila turbo inaisaidia injini tu. Bawa bado linataka kasi zaidi juu ya ardhi kabla ya kuinuka, kwa hiyo njia ya kurukia unaihitaji ndefu zaidi.

Kwenye ukaguzi wa nje, fuatana na rubani na uombe kushiriki. Rotax ina jambo moja litakalomshangaza aliyezoea injini za Lycoming: kabla ya kupima mafuta ya injini, propela huzungushwa kwa mkono, swichi zote zikiwa zimezimwa, katika mwelekeo wake wa kawaida tu, mpaka usikie tangi la mafuta likigugumia. Wakati wa kupaa, usishtuke mizunguko ikisoma zaidi ya 5,000 kwa dakika. Kuna gia kati ya injini na propela, na kikomo cha kuruka ni 5,800, kwa muda usiozidi dakika 5. Mafuta ya injini yafike nyuzi 50 kabla ya kuongeza nguvu, na hapo utaona kama rubani wako ana subira.

Kubali kwamba hutakumbuka kitu. Mpe anayeketi nyuma daftari, au weka kamera ndogo itazame dashibodi ikiwa mwenye ndege ameruhusu. Andika joto la nje, uzito wa siku hiyo, mahali magurudumu yalipoacha lami, na futi ulizopanda katika dakika mbili kamili za kupaa. Dakika ya kwanza hudanganya, kwa sababu kasi ya ziada ya kuruka hugeuzwa kuwa mwinuko.

Mkishatoka kwenye eneo lenye shughuli na rubani akakupa usukani, usiende kutalii. Fanya haya kwa utulivu, kila mara ukimwambia rubani unachotaka kabla ya kukifanya:

1. Ruka sawa bila kupanda wala kushuka, rekebisha trimu (kidhibiti kinachoipunguzia fimbo uzito), kisha achia fimbo. Itakaa? Ndege inayotaka kushikiliwa kila sekunde itakuchosha kati ya Mwanza na Dodoma.
2. Geuka kushoto na kulia kwa nyuzi 30, halafu 45, bila kupoteza futi 100. Sikiliza miguu yako inahitajika kiasi gani.
3. Punguza kasi hadi ile ya kukaribia kutua, teremsha flapu (vibao vya nyuma ya bawa) hatua kwa hatua, na uhisi pua inavyobadilika.
4. Mwombe rubani aonyeshe stoli, yaani pale bawa linapokosa hewa ya kulibeba, kwanza flapu zikiwa juu kisha zikiwa chini. Unatafuta onyo: je, ndege inatikisika mapema, au inaanguka kimya? Na je, bawa moja hushuka kwanza?
5. Weka nguvu ya safari ya kawaida, subiri dakika tano ndege itulie, ndipo usome kasi halisi na matumizi ya mafuta kwa saa. Hizo namba mbili pamoja ndizo gharama yako ya kila safari.
6. Mwache rubani atue mara ya kwanza. Ya pili, kama leseni na bima zinaruhusu, shika pamoja naye.

Katikati ya haya, kaa kimya dakika moja. Sikia kelele, joto la jua kupitia kioo, na harufu. Kioo kikubwa kinachopendeza Julai ni tanuri la mkate mchana wa Lodwar. Uliza kama kuna pazia na upepo unaingia wapi ndege ikiwa imesimama ardhini.

Jambo jingine la kumtazama ni rubani mwenyewe. Kama anafanya mbwembwe za kupita chini chini mbele ya karakana ili ufurahi, umejifunza kitu kuhusu kampuni hiyo.

Kabla ya kutoa malipo ya awali

Usilipe siku hiyo. Damu bado inachemka. Rudi hotelini, andika hesabu, ulale.

Bei unayoiona kwanza kwenye orodha ni ya mwili wa ndege. Injini, propela na dashibodi ya skrini kwa pamoja zinaweza kuuzidi mwili wenyewe. Baada ya hapo kuna rangi, viti, kontena, bima ya baharini, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya karakana, vifaa, ukaguzi wa mamlaka, na bima ya siku za kwanza za kuruka, ambayo huwa ghali kwa muundaji mpya. Ulizia forodha kwa maandishi seti yako itaingizwa chini ya namba gani ya ushuru: ndege, au vipuri vya ndege? Majibu mawili tofauti yanaweza kukugharimu fedha nyingi, na inafaa ujue kabla kreti halijafika bandarini.

Kuhusu mafuta, Rotax hizi zinakubali petroli ya magari yenye oktani 95, na hapa kwetu hilo ni jambo kubwa, kwani Avgas, petroli ya ndege, ni ghali na inapatikana viwanja vichache. Hata hivyo pima oktani ya petroli ya kwenu, na uliza kuhusu ethanoli. Ukilazimika kutumia Avgas yenye madini ya risasi mara kwa mara, mafuta ya injini hubadilishwa mapema zaidi. Vilevile mipira na mabomba ya mpira hubadilishwa kila baada ya miaka 5, hata kama ndege imekaa tu. Liweke hilo kwenye bajeti.

Soma mkataba kuhusu malipo ya awali: fedha zako zinakaa wapi, bei imefungwa au inaweza kupanda kabla ya kreti kutoka, na nini kinatokea kampuni ikiyumba. Desemba 2023 Van's iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na wateja waliokuwa wameshalipa malipo ya awali wakaombwa kukubali bei mpya zilizopanda sana ili waendelee kupokea seti zao. Kampuni ilisimama tena mwaka uliofuata, lakini aliyekuwa amelipia ndege nzima kwa mkupuo alilala vibaya kuliko aliyelipia sehemu moja moja.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya ribiti zile kumi ulizofunga kiwandani, agiza mkia peke yake. Viwanda vingi huuza kwa sehemu: mkia, mabawa, mwili, umaliziaji. Mkia ni mdogo, unaingia kwenye chumba cha kawaida, na una karibu kila aina ya kazi utakayokutana nayo mbele. Upitishe kwenye forodha uone wakala wako anafanyaje kazi. Mwite mkaguzi wa mamlaka aje autazame kabla hujaufunga bati la mwisho. Injini iagize mwisho kabisa, mwili ukiwa umeshasimama kwenye magurudumu yake, ili muda wa udhamini usiishe ikiwa bado kwenye boksi.